Mwalimu wa Umeme na Betri Zenye Mori

Mwalimu wa Umeme alipokutembelea, hukuwa wewe wa kwanza kutazamwa. Alipiga hodi, akavua viatu, akakupa mkono, lakini macho yake yalikuwa yameshafika ukutani yakitafuta soketi. Akiikuta imelegea, habari za wagonjwa na za mvua zilisubiri zamu yao.

"Jirani," aliniuliza mara ya kwanza alipoingia kwangu, "watoto wako wanapitaga hapa?"

"Wanapita, Mwalimu."

"Na wanapitaga na vidole?"

Nikajua chai itapoa. Alitoa bisibisi mkobani, ilikokaa katikati ya kitabu cha nyimbo za kanisani na mfuko wa miwani, na kabla mke wangu hajamaliza kuchuja maziwa, ukuta wetu ulikuwa wazi, nyaya zinaning'inia, na mgeni wetu amepiga magoti sakafuni akizisema kama mama anayewasema watoto waliochelewa kurudi nyumbani.

Tuliishi ukuta kwa ukuta pale Sokon One, Arusha, kwa miaka mingi. Mtaani walimwita Mwalimu wa Umeme kwa sababu aliwahi kufundisha ufundi umeme chuoni kabla ya kuhamia ofisi ya ukaguzi, na hata alipohama, kufundisha hakukumtoka. Mimi kazi yangu ilikuwa ukalimani. Arusha ni mji wa mikutano: wageni huja na maneno yao, nasi hukaa kwenye vibanda vya vioo nyuma ya ukumbi tukiyageuza. Sikuwaza kwamba ingefika siku nikae kibandani nikitafsiri mabishano ya jirani yangu na mataifa juu ya magari yanayotembea kwa betri.

Lakini kabla ya magari kulikuwa na pasi.

Wale wa rika langu wanaikumbuka miaka soko lilipoanza kuwa huria. Jana yake tulikuwa tunatafuta balbu kama mtu anavyotafuta dawa ya nyoka, na kesho yake maduka yamefurika: pasi, feni, redio, majagi ya kuchemshia maji, majokofu yaliyokwisha tumika huko yalikotoka. Kila kimoja kilikuja na plagi yake, za miguu miwili, za miguu mitatu, nene, nyembamba, nyingine zimepinda kama kucha za kuku. Sisi tulifurahi. Mwalimu hakulala usingizi mzuri. Alizunguka madukani na koleo mkononi, na wenye maduka wakimwona kwa mbali walianza kuficha pasi kama watu wanaoficha gongo.

"Mama, si serikali yenyewe imesema biashara ni huria?" mwenye duka mmoja alimlalamikia nikiwa nimesimama kaunta.

"Soko ni huria," alijibu, huku akikata waya wa pasi pale ulipochubuka. "Umeme si huria."

Kisha akamfundisha jinsi ya kufunga waya mpya, taratibu, mpaka yule bwana akaweza mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa. Alikuharibia siku, halafu akakaa nawe mpaka siku itengemae.

Kuna harusi moja ambayo mtaa wetu bado unaisimulia. Mvua ya ghafla ilikuwa imenyesha mchana, turubai linavuja, na waya wa muziki umelala kwenye dimbwi ambalo watu walikuwa wakiliruka kwa kucheza. Bibi harusi alikuwa anaingia, vigelegele vimepanda, mara kimya. Mwalimu amechomoa plagi na ameishika mkononi kama mtu aliyekamata panya kwa mkia. Baba wa bibi harusi akamjia juu.

"Mama, unatuharibia sherehe!"

"Baba, sherehe itaendelea," alisema. "Msiba ndio nimeuharibu."

Watu wakachukua ndoo na sufuria wakapiga ngoma, na ninavyokumbuka mimi ile ndiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote.

Usidhani basi kwamba nyumbani kwake kulikuwa mfano wa kuigwa. Wanasema kinyozi hajinyoi. Jokofu la Mwalimu lilikuwa na tabia ya kung'ata. Wenyeji wa nyumba walilifungua kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, na mgeni aliyekwenda kuchukua maji bila kuonywa alirudi sebuleni ameamka vizuri. Kila mwaka alisema atalitengeneza Jumamosi. Gari lake, kuukuu la rangi ya udongo, aliliendesha katikati ya barabara kwa imani kwamba wengine wameona. Na ngurumo zikianza kushuka kutoka mlima Meru, mwanamke huyu aliyeshika nyaya za mji mzima alipanda kitandani, akakunja miguu, akaanza zaburi.

"Mwalimu, hata wewe unaogopa umeme?" mke wangu alimtania siku moja.

"Huo wa Mungu hauna swichi," alijibu kutoka chini ya blanketi.

Soko huria lilizidi kukua na kuzaa. Baada ya pasi yakaja magari yaliyotumika, na baada ya miaka mingi ya magari hayo, zikaanza kuja pikipiki na bajaji za umeme, kisha mafundi wa hapa hapa Arusha wakaanza kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya watalii na kuweka betri. Wageni walipenda. Gari linakaribia tembo bila kelele, na tembo anaendelea na majani yake. Ulimwengu mzima ulikuwa umeingia kwenye jambo hilo kwa haraka kuliko sheria zake, ndipo mataifa yakaunda kamati ya kuandika kanuni za usalama za pamoja: betri ifungwe vipi, ipimwe vipi, igongwe vipi na isilipuke. Nchi yetu ilitafuta mtu wa kumpeleka. Nadhani wakubwa wake walimchagua ili wapumzike.

Alikwenda Ulaya akarudi, akaenda tena akarudi. Habari alizoleta zilikuwa za aina mbili tu: vifungu vya kanuni, na chakula. "Wanakula majani mabichi kama mbuzi," alituambia, "lakini kwenye betri wako makini."

Kila aliporudi alinifuata na neno jipya, maana aliamini kwamba kanuni isiyosemeka kwa Kiswahili haitamfikia dereva anayeihitaji. Neno gumu kuliko yote lilikuwa lile la betri inayopata moto chumba kimoja, kikawasha cha jirani, kile kikawasha kingine, mpaka hakuna wa kuizuia. Wataalamu wa lugha walikuwa wamependekeza maneno marefu yenye joto na udhibiti ndani yake. Mwalimu aliyasikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Jirani, wewe umekulia huku. Kijana wa Kimasai akishikwa na ile hali, anatetemeka, anatoa povu, hasikii la mtu, mnasemaje?"

"Amepandwa na mori."

"Basi. Betri imepandwa na mori. Na mtu mwenye mori hafokewi wala hamwagiwi kikombe cha maji. Watu wanakaa mbali mpaka imtoke."

Kwenye nyaraka rasmi yakabaki yale maneno marefu. Lakini mafundi wote niliowahi kuwasikia mjini hapa husema mori.

Kitu kingine kilichomsumbua ni ukimya wa magari hayo. Kamati ilitaka yapewe sauti ya kuwatahadharisha waenda kwa miguu, na Mwalimu hakuwa mtu wa kuamini karatasi. Jumapili moja baada ya ibada aliazima gari la umeme, akaniweka kwenye usukani katika uwanja mtupu wa ofisi yake, akanipa mgongo, akafumba macho.

"Njoo taratibu. Nitanyoosha mkono nikikusikia."

Nikaja. Hakunyoosha mkono. Nikazidi kuja. Ndege walikuwa wanaimba, yeye amesimama ametulia kama mtu anayepigwa picha. Nikaona aibu kumgonga mkaguzi wa usalama, nikapiga honi. Aliruka akaangukia kwenye bustani ya maua ya mkurugenzi, na alipoinuka, majani yamejaa kichwani, alikuwa amefurahi kupita kiasi.

"Umeona?" alisema. "Sikukusikia kabisa! Safi sana!"

Yote hayo tunayacheka. Sasa nisimulie lile ambalo hatukulicheka siku ile.

Mwalimu alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi mwenye gereji upande wa Tengeru. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko ya mafundi wengi niliowaona, ila subira hakupewa. Alinunua gari kuukuu la watalii, lile la kufunguka paa ili watu wasimame waone simba, akang'oa injini, akaweka betri chini ya viti vya nyuma. Likatembea. Likapanda kilima cha Nkoaranga bila kukohoa. Alitaka dada yake alipitishe ili aanze kubebea wageni.

Mwalimu alilala chali chini ya gari muda mrefu. Mdogo wake na mimi tulikuwa tumechuchumaa pembeni, tunaona miguu yake tu.

"Dada, weka sahihi bwana. Gari si linatembea?"

"Hata ng'ombe mgonjwa hutembea."

"Sasa wewe ni dada yangu au ni serikali?"

"Nyumbani ni dada yako," sauti ilitoka chini. "Huku chini ni serikali. Na serikali inauliza, maji yakiingia hapa, yatatokea wapi? Na umeme ukikatika, milango hii inafunguka kwa kitu gani?"

"Kwa swichi."

"Swichi ya umeme?"

Mwalimu akatoka chini, akajipangusa vumbi, akasema hapana.

Maneno yakafika Nkoaranga kwa mama yao mzazi. Mama akamwita binti yake akamweka kikao. Aliambiwa anamwonea ndugu yake, kwamba wazungu wamempa kichwa, kwamba watoto wa wenzie wanainuana. Alisikiliza yote kwa adabu, akapiga magoti kuaga, akarudi mjini na hapana yake. Najua ilimuuma, kwa sababu juma lile lote hakugusa soketi ya mtu.

Mdogo wake aliamua kumwonyesha. Masika yalipokolea alitualika kwenye kivuko cha kijito kimoja nje kidogo ya Maji ya Chai, mahali ambapo magari ya shamba hupita ndani ya maji. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya kahawia. Watu wa jirani walikuwa wamekusanyika kutazama, maana siku ya mvua haina kazi.

"Leo serikali itaona," alisema, akapanda, akafunga mlango na vioo vyake vya swichi, akaingia majini.

Gari lilikwenda vizuri mpaka katikati, kisha likasimama bila mlio wowote, kama mtu aliyesahau alilotaka kusema. Tulimwona ndani anapiga kioo kwa viganja, mdomo wazi. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikidhani anatufanyia mbwembwe.

"Hacheki yule," Mwalimu alisema.

Alikuwa ameshatupa viatu. Aliingia majini na sketi yake ya ofisini, nami nikamfuata bila kufikiri. Ndipo nikaona mvuke mweupe unaotoka nyuma ya viti, mwembamba, unaongezeka. Nilinyoosha mkono kushika mlango.

"Usiguse bodi!" Alinipiga kiwiko cha kifua mpaka nikarudi nyuma. Kisha akasimama pale maji yalipomfika mapajani, akaanza kupiga kelele ambayo sijaisikia tena kwake. "Paa! Fungua paa! Vibanio, vya mkono! Paa!"

Yule bwana alikuwa ameishiwa akili kwa hofu. Gari lake mwenyewe, paa alilolipaka rangi mwenyewe, alikuwa amelisahau. Dada yake alipandisha mikono juu ya kichwa chake akaigiza, kubana na kusukuma, kubana na kusukuma, mpaka macho ya ndugu yake yakamwelewa. Paa likainuka. Akatokeza kichwa pale ambapo watalii hutokeza vyao, akatokeza mabega, akajirusha majini kwa tumbo. Mwalimu alimkamata ukosi wa shati akamburuta mpaka ukingoni, na wakati huo nyuma yetu betri ilikuwa imeanza kunguruma.

Hatukuizima. Alitukataza wote kusogea. Tulisimama kwenye matope tukalitazama gari likiungua katikati ya maji, jambo ambalo wazee waliokuwepo walisema hawajawahi kuliona.

Mwalimu alimgeukia mdogo wake, akampiga kofi moja, halafu akamkumbatia, na sikuweza kujua lipi lilikuwa la dada na lipi la serikali.

Majuma kadhaa yakapita. Kisha siku moja yule fundi alikuja Sokon One amebeba mlango wa gari begani, mlango mzima. Ndani yake alikuwa ameweka mpini wa chuma unaovutwa kwa mkono, wenye kamba ya waya, usiotegemea umeme wowote. Aliuegemeza ukutani kwangu kwa sababu dada yake hakuwepo.

"Shikamoo kaka," alisema. "Akirudi mwambie auvute."

Aliuvuta jioni ile ile, na kesho yake, na nadhani kila siku kwa juma zima. Baada ya hapo ukipita gerejini Tengeru ungeona jozi mbili za miguu chini ya gari moja, na mabishano yanatoka huko.

Mkutano wa kamati ulipokuja Arusha, mimi nilikuwa kibandani. Mwalimu Kiingereza alikijua vizuri, lakini siku ya kwanza alifungua mdomo kwa Kiswahili na hakukiacha. "Nikiwa kwao naongea chao," alinieleza wakati wa chai. "Wakija kwangu watavaa vile vidude masikioni."

Jambo la milango lilifika mapema. Mjumbe mmoja aliuliza kama kweli kuna haja ya kulazimisha mpini wa mkono, kwani umeme wa gari ukikatika kuna njia nyingine za akiba. Mwalimu aliwasha kipaza sauti.

"Namjua dereva mmoja," alisema. Nami kibandani nikasema namjua dereva mmoja, kwa Kiingereza. Mwenzangu wa zamu akanisogezea glasi ya maji.

Aliwasimulia kijito, swichi, kioo. Hakusema dereva ni nani wake. Mwenyekiti akauliza kwa huruma kama dereva huyo aliumia.

"Alipigwa kofi," alijibu Mwalimu.

Nilitafsiri nilivyosikia. Ukumbi mzima ukageuka kutazama kibanda changu, wakidhani nimekosea.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya muda. Betri ikianza kupandwa na mori, gari litoe onyo mapema kiasi gani kabla moto haujawafikia abiria? Mjumbe mmoja mrefu kutoka kaskazini ya Ulaya, mpole, mwenye mvi, alisema muda mfupi unatosha, maana watu wanatoka garini haraka. Tena alikuwa na hoja nzito: onyo likiwa jepesi kulia, litalia ovyo, na watu wakilizoea hawataliitikia.

"Nani alipima watu wanavyotoka?" Mwalimu aliuliza.

Maabara ilikuwa imepima. Na waliopimwa walikuwa wafanyakazi wa maabara.

"Vijana," alisema Mwalimu, "wenye suruali."

Kesho yake wakati wa chai alituita wote nje. Kwenye maegesho lilisimama gari refu la abiria, na ndani yake kulikuwa na kwaya ya akina mama ya usharika wake, wamevaa sare, vitambaa vichwani. Walikuwa wameambiwa tu kwamba wageni wanataka kuwaona. Mwenyekiti wa kamati alipewa saa ashike. Mwalimu akagonga bati la gari.

"Tokeni! Gari lina moto!"

Kiongozi wa kwaya alichungulia dirishani. "Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Tokeni!"

"Tutoke tukaimbie hapo nje?"

Baada ya kuelewana juu ya hilo walianza kutoka, kwa heshima, wakubwa kwanza. Mkanda wa kiti cha mmoja ulinasa kwenye kitenge. Mwingine alikuwa na mtoto mgongoni, akageuka mlangoni, mtoto akakwama. Mwenye goti bovu alishuka kinyumenyume akiomba mkono. Mmoja alikuwa ameshafika chini akakumbuka hotpoti ya wali, akarudi ndani, akakutana na waliokuwa wanashuka, wakasalimiana. Bibi mmoja wa nyuma kabisa hakutoka. Alidhani ndiyo sehemu yake katika wimbo, akaanzisha sauti ya pili peke yake.

Wajumbe walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hata mwenyekiti aliyeshika saa alikuwa anafuta machozi. Kisha nikaona yule mjumbe mrefu amesogea akaitazama saa ile, na kicheko kikamtoka usoni. Alimsogelea Mwalimu. Nilikuwa karibu, nikatafsiri bila kibanda.

"Mama yangu ni mzee kama yule wa nyuma," alisema. "Asingetoka."

Mwalimu hakusema nilikuambia. Alimshika mkono kwa mikono miwili kama tunavyoshika mkono wa mfiwa.

"Na wewe una hoja," alimjibu. "Kengele inayolia ovyo ni mbwa anayebwekea kila mpita njia. Mwizi akija, wenye nyumba wamelala. Tukae tuandike kengele isiyosema uongo, halafu tuipe muda wa bibi."

Wakakaa. Hata chakula cha mchana waliletewa pale pale, majani mabichi kwa mmoja na ndizi nyama kwa mwingine. Kanuni ilikwenda ikarudi mara nyingi kabla haijakubaliwa na mataifa, na siku alipopata habari kwamba imepita, na mpini wa mlango umo, aliniambia ng'ambo ya ukuta huku anaanika nguo. "Imepita," alisema, akaendelea na shuka. Nilitaka tuchinje hata kuku. Alisema kuku hana kosa.

Alipostaafu alihamia Nkoaranga kwenye kahawa za mama yao, ambaye alimpokea kana kwamba kikao kile hakikuwahi kuwepo. Nyumba yake ya Sokon One ilipangishwa kwa kijana mpole asiyejali soketi. Nilimkosa kuliko nilivyotarajia.

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa sokoni Maji ya Chai, asubuhi ya Jumapili. Nilikuwa natoka kumwona mgonjwa, nikamwona amesimama mbele ya fungu la maparachichi, ameegemea fimbo, amepungua mwili, anabonyeza moja moja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, jirani. Haya ya leo ni mawe." Muuzaji, dada mmoja aliyekaa juu ya ndoo, akaapa kwamba ni ya leo leo. Walikuwa hawajamaliza kubishana pale basi dogo lilipoingia pembeni ya barabara na kusimama ghafla. Lilikuwa basi la umeme, limepambwa kwa maua na vitambaa vyeupe. Wenyewe walikuwa wanawapeleka watoto kwenye kipaimara. Taa zake zote zinawaka na kuzimika, na ndani sauti ya mwanamke inasema kwa Kiswahili safi, shukeni sasa, acheni mizigo, shukeni sasa.

Dereva alivuta mpini, mlango ukafunguka. Walianza kushuka kwa manung'uniko, watoto na nguo zao nyeupe, mababu, na mama mmoja mnene wa gauni la zambarau aliyekuwa amekasirika kuliko wote.

"Gari gani hili linafukuza watu?" alifoka. "Tunachelewa kanisani! Hata moshi hakuna! Walioweka hii kengele wana wazimu!"

Nilifungua mdomo. Nilitaka yule mama ajue aliyesimama mbele yake ni nani. Mwalimu alinikanyaga mguu.

"Wana wazimu sana, mama yangu," alisema kwa upole. "Lakini hapo jua kali, maua ya watoto yatanyauka. Sogeeni huku. Huku zaidi. Wote jamani, mpaka kwenye kile kibanda."

Wakasogea, kwa sababu alikuwa amezoea kusogeza watu. Alimngoja bibi wa mwisho ashuke, akamtazama dereva akatikisa kichwa kumkataza asirudi ndani. Tulisimama. Yule mama wa zambarau aliendelea kulalamika mpaka alipoona mimi sitazami tena usoni kwake, akageuka.

Moshi mweupe ulikuwa umeanza kutoka chini ya sakafu ya basi. Ulikuwa mwembamba, kisha haukuwa mwembamba. Kitu kikalia mle ndani kama sufuria iliyoanguka, moto ukatokea kwenye viti vya nyuma, na vile vitambaa vyeupe vikashika mara moja. Watoto waliushika mkono wa aliyekuwa karibu, yeyote.

Mama wa gauni la zambarau alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Alipoviondoa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mungu ametutoa," alisema. "Jamani, Mungu mwenyewe ametutoa mle."

"Amina!" alisema Mwalimu wa Umeme, kwa sauti kuliko wote, akarudi kwenye maparachichi yake.